Ukuta kati ya vyumba viwili: mlango, uwazi mpana, au milango ya kukunja?

Kijana wake aliye Dubai alimtumia Hajati picha kwenye simu. Sebule na chumba cha kulia vimekuwa kitu kimoja, ukuta haupo, mwanga unaingia upande huu wa nyumba na kutokea upande wa pili. Hajati akaniita mimi, fundi wake. Nyumba yake iko hapa Bugembe, pembezoni mwa Jinja, Uganda, ukielekea Iganga, na nimeifanyia kazi ndogondogo tangu mumewe alipokuwa hai.

“Mwanangu, nataka ukuta huu uondoke wote,” alisema. “Idi ikifika wageni wangu wanakaa mpaka uani, na chumba cha pili kimejaa masanduku tu.”

“Hajati, nipe siku mbili na ngazi, halafu tutaongea.”

Niliyomweleza baada ya siku hizo mbili ndiyo ninayoyaandika hapa, maana swali lenyewe naletewa mara nyingi. Huja mwenye nyumba anayetaka sebule kubwa. Huja mwenye mizigo, yaani vyumba vya kupangisha vilivyo kwenye mstari mmoja, anayetaka kugeuza singo mbili za chumba kimoja kimoja ziwe dabo moja ya vyumba viwili. Huja mtoto anayetaka mama yake mgonjwa alale karibu na watu. Karibu wote hufika wakiwa wameshachagua upana wa uwazi. Kwa maoni yangu upana ndio unaopaswa kuchaguliwa mwisho. Kwanza ujue ukuta umebeba nini. Halafu ujue saa moja jioni, watu wote wakiwa nyumbani, ni kitu gani utataka kukifungia upande wa pili.

Panda darini kwanza

Ukuta wa ndani unaweza kuwa umegawa vyumba tu, au unaweza kuwa umebeba paa, au slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Ukiwa umesimama sebuleni, kuta hizo tatu zinafanana. Rangi ni moja, plasta ni moja. Ndiyo maana naomba ngazi na tochi kabla ya kuomba nyundo.

Ukiwa darini angalia kama ukuta unaishia kwenye dari au unapanda hadi kwenye kenchi. Angalia kenchi zinapita upande gani na zinakalia wapi. Kama zinatoka ukuta wa mbele wa nyumba hadi wa nyuma bila kugusa ukuta wa kati, una nafasi kubwa ya kuchagua. Kama ukuta wa kati umepanda mpaka juu na pau zimelazwa juu yake, huo unabeba, na kila unalolifanya chini yake linahusu paa. Kama juu yako kuna slabu, acha kusoma makadirio ya mtu kama mimi, umtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama unaishi kwenye fleti, ukuta unaouona ni wako huenda umewabeba majirani walio juu, nao wana haki ya kuulizwa.

Kwa Hajati nilikuta jambo ambalo hata yeye hakulijua. Kenchi zilivuka kutoka mbele hadi nyuma kama nilivyotarajia, lakini moja ilikuwa imeungwa katikati, na chini ya kiungo fundi wa zamani alisimamisha kigingi cha mbao kikikalia ukuta wa kati. Kilikuwa sentimita 70 hivi kutoka kona ya kulia. Kigingi kimoja, si kitu cha kutisha. Lakini ndicho kilichoamua uwazi ungekaa wapi.

Pima pia unene. Kuta nyingi za matofali ya kuchoma huku kwetu ni za inchi 9, yaani sentimita 23 hivi, au zile nyembamba za inchi 5 au 6. Halafu kwaruza kidogo, mahali ambapo hapataonekana, ufike kwenye kiungo kati ya tofali na tofali, na uchokonoe kwa msumari. Saruji itakukatalia. Ikiwa msumari unazama na unatoka udongo mwekundu, ukuta umejengwa kwa tope, kisha ukapakwa plasta ya saruji juu ili upendeze. Kuta za namna hiyo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, mjini na vijijini. Zinasimama vizuri miaka mingi zikiachwa zilivyo, lakini hazipendi kutobolewa kwa upana. Kwa ukuta wa tope mimi siendi zaidi ya mlango mmoja wa kawaida. Nyumba ya fito na udongo nayo ina mambo yake, sitaigusa hapa.

Jambo la mwisho la darini ni umeme. Nyaya za swichi na soketi hushuka ndani ya ukuta kutoka juu. Ukiona bomba dogo la plastiki linazama kwenye ukuta unaotaka kuukata, mwite fundi wa umeme kabla ya mwashi. Na ukikuta bati za paa au bodi za dari za asbesto, zilizowekwa kwenye baadhi ya nyumba za zamani, usizivunje wala kuzikata. Vumbi lake huharibu mapafu, na madhara huonekana baada ya miaka mingi.

Sentimita 90, mita 1.5, mita 2.4

Ukikata shimo kwenye ukuta mzuri uliojengwa kwa kupishanisha matofali, ukuta wote wa juu hauanguki pamoja. Matofali huegemeana, na kinachotaka kushuka ni pembetatu tu iliyo juu ya shimo, pande zake zikiinama kwa nyuzi 45 hivi. Boriti au linta unayoiweka inabeba pembetatu hiyo. Kadiri shimo linavyopanuka, pembetatu inapanuka na pia inarefuka kwenda juu, na hapo ndipo watu wanapokosea hesabu.

Tuchukue ukuta wa inchi 9, tukihesabu matofali yake kilo 1,900 kwa kila mita ya ujazo. Juu ya mlango wa sentimita 90 pembetatu ina kilo 90 hivi, uzito wa mtu mnene. Juu ya uwazi wa mita 1.5 inafika kilo 245. Juu ya mita 2.4 ni kilo 630. Upana umeongezeka chini ya mara tatu, uzito umeongezeka mara saba. Na nguvu inayoipinda boriti katikati, ambayo ndiyo huivunja, imeongezeka mara 19. Ukisimama katikati, kwenye mita 1.5, nguvu hiyo ni mara nne na nusu tu ya ile ya mlango.

Kuna sharti moja. Pembetatu hiyo inahitaji kimo cha ukuta juu ya boriti: nusu ya upana wa uwazi. Uwazi wa mita 1.5 unataka sentimita 75 za ukuta mzima juu yake. Uwazi wa mita 2.4 unataka mita 1.2. Nyumba ya Hajati ina ukuta unaopanda hadi mita 3.2. Ukitoa mita 2.1 za kimo cha kupita na sentimita 20 za boriti, zinabaki sentimita 90. Kwa mita 1.5 zinatosha. Kwa mita 2.4 hazitoshi, na hapo mhandisi huacha kuhesabu pembetatu, akahesabu ukuta wote wa juu pamoja na chochote kinachoukalia.

Kwa hiyo mlango na uwazi mpana ni kazi mbili tofauti. Mlango katika ukuta mzuri ni kazi ya mwashi mwenye akili timamu. Uwazi wa mita 2.4 katika ukuta unaobeba ni kazi ya mhandisi, mwashi na vibarua wenye uvumilivu, na unahitaji karatasi ya kibali. Hapa Uganda, tangu Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, kubadilisha jengo kunapitia kamati ya majengo ya mji au wilaya yako. Nenda ukamwone afisa anayehusika kabla tofali la kwanza halijatoka, umwonyeshe mchoro. Mpangaji aanze na mwenye nyumba, kwa maandishi, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akishuhudia ni vizuri zaidi.

Kuondoa ukuta wote

Hiki ndicho Hajati alichokitaka, na nilimkatalia waziwazi.

Ukuta wa kati hufanya kazi ambayo hauonekani kuifanya. Unazishika kuta za nje. Ukuta wa mbele wa nyumba yake una mita nyingi za kunyooka, na pale ukuta wa kati unapokutana nao ndipo unapopata mkono wa kuushika usiyumbe. Ukiondoa ukuta wa kati hadi kona, umeukata mkono huo. Kwa hiyo hata anayetaka uwazi mpana kabisa, namwambia aache mabega, yaani vipande vya ukuta kila upande, visivyopungua sentimita 60 kutoka kona. Mabega hayo pia ndiyo yanayokalisha boriti, na mzigo uliokuwa umetawanyika kwenye msingi wote sasa unashukia hapo. Bega la sentimita 20 lililo kwenye picha za simu linapendeza, lakini mara nyingi ndani yake kuna nguzo ya zege au chuma ambayo picha haikuonyeshi.

Wenzetu wa Fort Portal, Kasese na Bundibugyo, kule magharibi mwa nchi, wana sababu ya kuwa wakali zaidi. Tetemeko la Toro la Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia moja, na Februari 1994 ardhi ilitikisika tena kwa nguvu karibu na Fort Portal. Miongozo ya nyumba za matofali katika maeneo ya matetemeko husema milango na madirisha ya ukuta mmoja, ukiujumlisha upana wake, usizidi nusu ya urefu wa ukuta. Ukuta wa mita 3.6 kama wa Hajati ungeruhusiwa mita 1.8 tu. Mimi niko Jinja, lakini nimeona kipimo hicho kina busara hata huku.

Halafu kuna mambo ya kila siku. Kuondoa kipande cha mita 2.4 kwa mita 2.1 katika ukuta wa inchi 9 ni kutoa zaidi ya tani mbili za kifusi, toroli 30 hivi, zikipita sebuleni. Mlango hutoa chini ya nusu ya hapo. Na chini ya ukuta ulioondoka hubaki mstari wa sakafu usio na vigae wala saruji laini. Kwenye mlango mstari huo ni mfupi na hufichwa na kizingiti. Kwenye uwazi mpana unaonekana kila unapoingia, na ikiwa vyumba viwili vilimwagwa siku tofauti, sakafu moja huwa juu kuliko nyingine. Kwa Hajati tofauti ilikuwa sentimita tatu. Mzee anayeburuta mguu hujikwaa kwa sentimita mbili.

Faida yake siikatai. Hewa inapita. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu huwa kizito mchana wa Februari, na ukikiunganisha na chenye dirisha upande wa pili upepo hupata njia. Mwanga huongezeka. Watu 20 wanakaa walipokuwa wakikaa 10. Ikiwa kenchi hazigusi ukuta, ikiwa huna watoto wanaosoma usiku, na ikiwa hakuna anayelala chumba cha pili, uwazi mpana unakufaa na usiogope gharama yake. Boriti ya mita 2.8 yenye upana wa ukuta na kimo cha sentimita 25 hula mfuko mmoja wa saruji na kidogo, kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto. Pesa huenda kwenye mbao za fomu zinazoshikilia zege bichi, nguzo za kuegemeza, nondo, siku za mafundi, plasta na sakafu.

Mlango wa kawaida

Hauna sifa za kusimulia, na ndio ninaoupendekeza mara nyingi zaidi kuliko mwingine wowote.

Kwa mwenye mizigo anayetengeneza dabo, ndio pekee unaoingia akilini, kwa sababu mpangaji anataka chumba cha kulala kinachofungwa, na siku moja wewe mwenyewe utataka kuurudisha ukuta uwe na singo mbili tena. Kwa mgonjwa au mzee, hakikisha nafasi yenyewe ya kupita, fremu ikiwa imeshawekwa, haipungui sentimita 80, na 90 ni bora, ili kiti cha magurudumu kipite bila mtu kukwaruza vidole. Fikiria bawa la mlango litafungukia wapi. Mlango wa sentimita 90 hula robo ya duara sakafuni, na mara nyingi robo hiyo ndipo kochi lilipo.

Na pazia? Nusu ya nyumba ninazoingia zina pazia badala ya mlango kati ya sebule na ndani, na silidharau hata kidogo. Pazia linaficha, linapitisha hewa, linafuliwa. Haliwezi kuzuia sauti wala moshi. Kama unachotaka kukificha ni macho ya mgeni tu, toboa mlango, weka pazia, na fedha ya mbao ukalipe ada ya shule.

Kati ya jiko na chumba cha kulia

Hapa watu huuliza kama wavunje ukuta ili mama apike akiongea na wageni. Jibu langu linategemea moto. Jiko la gesi au umeme lenye dirisha zuri, vunja ukipenda. Sigiri ya makaa, hapana. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana, na ukuta ulio katikati ni sehemu ya ulinzi wa wanaolala ndani. Fungua kidirisha cha kupitishia chakula, upana sentimita 90 na kimo 60, kikianzia kwenye kimo cha meza ya jiko, kiwe na mabawa mawili ya mbao ya kufunga wakati moto unawaka. Matoke yatapita, sahani chafu zitarudi, na boriti yake ni ileile ya mlango.

Kama shida yako ni giza tu, basi hata hicho huhitaji. Kidirisha cha kioo juu, karibu na dari, kitakupa mwanga wa chumba cha pili bila kukuondolea faragha.

Matao nitayapitia haraka: tao la matofali lililojengwa sawasawa linabeba vizuri kweli, lakini linasukuma mabega kwenda pembeni, na linataka fundi aliyewahi kulijenga. Matao mengi ya siku hizi ni boriti ya kawaida iliyopakwa plasta ya duara chini. Hilo ni pambo, lichague kama pambo.

Milango ya kukunja kwenye mita 1.5

Huu ndio upande niliomvutia Hajati. Si kwa sababu ni katikati ya mambo mawili. Nilimuuliza saa moja jioni kwake kukoje. Akaniambia mjukuu wake yuko P7, darasa la mwisho la msingi, anajiandaa kwa mtihani wa taifa, na televisheni haizimwi kwa sababu ya wengine. Akaniambia pia kwamba kukiwa na dua nyumbani wanaume hukaa sebuleni na wanawake hutaka chumba chao, lakini wasikie anayesoma. Na siku ya Idi anataka vyumba vyote viwili viwe kimoja.

Uwazi wa mita 2.4 usio na mlango unamfaa siku mbili kwa mwaka. Mlango wa sentimita 90 unamfaa mjukuu kila jioni, lakini Idi haina nafasi. Mabawa yanayofunga na kufunguka kwenye mita 1.5 yanatumika siku zote hizo.

Kuna namna tatu za kuyaweka. Mabawa mawili ya sentimita 75 yenye bawaba ni rahisi, seremala yeyote anayajua, yanafunga vizuri, ila yanaingia chumbani kila yanapofunguka. Mabawa ya kuteleza hayaingii chumbani, lakini yanataka ukuta mtupu kila upande, kabati haliwezi kukaa hapo, na sauti hupita kwenye nafasi za pembeni. Mabawa manne ya kukunja, kila moja sentimita 37 hivi, hujikunja yakaegemea fremu na kukuachia karibu uwazi wote. Hayo yanataka seremala makini na mbao kavu, kwa sababu mbao mbichi ikijipinda bawa moja linakataa na kuyakwamisha mengine. Na ukiyaning'iniza kwenye reli ya juu, uzito wake wote unaongezeka juu ya boriti, kwa hiyo lazima mhandisi au mwashi ajue mapema. Hajati alichagua ya kukunja, yenye bawaba pembeni, mawili kila upande.

Boriti: kumwaga palepale, kutengeneza chini, au chuma

Ukishajua upana, linabaki swali la jinsi ya kuingiza boriti chini ya ukuta ambao hautaki kungoja.

Kumwaga zege palepale kunataka ukuta wa juu ushikiliwe kwanza. Unatoboa matundu juu ya boriti itakapokaa, unapenyeza boriti fupi za mbao ngumu au chuma kama sindano kwenye nguo, na kila moja unaiegemeza pande zote mbili kwa nguzo. Ndipo unakata, unafunga nondo na fomu, unamwaga. Ugumu wake ni kungoja. Nguzo zisiguswe siku 14, na mimi nangoja 21. Zege humwagiwa maji siku saba za kwanza. Mafundi wengi huharakisha hapa kwa sababu familia imechoka kuzunguka miti ya mikaratusi sebuleni.

Chuma hubeba siku hiyohiyo. Kwa uwazi mpana sana ndicho ninachokichagua. Kinataka kitako cha zege chini ya kila ncha, kinataka rangi ya kuzuia kutu, na plasta haikishiki bila wavu.

Kutengeneza boriti chini, uani, ndiko ninakokupenda kwa ukuta wa inchi 9 na upana kama wa Hajati. Unamwaga boriti mbili nyembamba, kila moja nusu ya unene wa ukuta. Zetu zilikuwa na upana wa sentimita 11, kimo 20, urefu mita 1.9 ili kila ncha ikalie bega kwa sentimita 20. Moja ina kilo 100 hivi, watu wanne wanaibeba. Zinakaa chini ya magunia yenye maji, zinafikisha siku 28 huku nyumba haijaguswa. Halafu unachimba mfereji upande mmoja wa ukuta, nusu ya unene tu, unaingiza boriti ya kwanza, unashindilia saruji kavukavu juu yake mpaka hakuna nafasi, unaiacha siku kadhaa. Nusu ya pili ya ukuta imebeba muda wote huo. Kisha unafanya vivyo hivyo upande wa pili. Ukuta wa chini unaondoka ukiwa hauna tena kazi.

Kuna kosa moja ambalo siwezi kulisahau. Nikiwa kijana, katika nyumba moja Iganga, tuliingiza boriti ya namna hii bila kuweka alama. Nondo nene hukaa chini ya boriti, kwa sababu chini ndiko zege linakovutwa na kupasuka. Sisi tuliigeuza wakati wa kuinyanyua, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ncha ya kushoto. Kwa macho haikuonyesha tofauti. Ndani ya wiki mbili ufa ulitokea katikati, ukapanda hadi darini, na tukarudi kuanza upya kwa gharama yetu. Tangu hapo boriti yangu huandikwa JUU kwa msumari zege likiwa bado bichi.

Na mkanda wa zege unaozunguka nyumba, ule mafundi wanaouita ringi bimu, ukiupata kwenye ukuta wako usiukate kwa sababu yoyote. Usidhani pia kwamba kwa kuwa upo, boriti haihitajiki. Ulifungwa nondo za kukaa juu ya ukuta, si lazima ziwe zinatosha kuvuka hewa.

Chaki

Kabla ya lolote nilichora uwazi kwenye ukuta wa Hajati kwa chaki, mita 1.5, nikianzia sentimita 90 kutoka kona ya kushoto. Bega la kulia likabaki mita 1.2, na kigingi cha kenchi kikawa juu ya bega hilo, nusu mita mbali na ukingo wa uwazi. Pembeni nikachora kwa chaki nyingine mita 2.4, zilizo karibu zaidi na alichokitaka, ili aone kigingi kingeangukia wapi. Sakafuni nikatandika magazeti mahali mabawa yatakapofungukia. Nikamwomba aishi na michoro hiyo wiki mbili.

Siku ya nne alinipigia simu. Kochi kubwa lilikuwa limekalia magazeti, akaniuliza kama uwazi unaweza kusogea kushoto sentimita 20. Unaweza, nikamwambia, bega la kushoto litabaki sentimita 70. Siku ya tisa akasema magazeti hayajaguswa na mtu. Jumamosi iliyofuata tukamwaga boriti mbili uani kwake, chini ya mwembe, na mjukuu wa P7 akaomba yeye ndiye aandike JUU.